Wasoma Kitabu Gani Sasa?

Jirani akikutembelea jioni, humwuliza habari za nyumbani, za kazi na za mahindi shambani. Ni mara chache kumwuliza, "Wasoma kitabu gani sasa?" Lakini swali hilo lina faida kubwa. Watu wengi huacha vitabu siku ile wamalizapo shule, wala si kwa uvivu, bali kwa kuwa hapana mtu aliyewaonyesha kitabu kingine.

Tuseme watu watano wa mtaa wa Pioneer, Eldoret, wamepatana: fundi wa cherehani, mwalimu, dereva, mchuuzi wa maziwa na muuguzi. Kila mmoja akinunua kitabu kimoja, na wakiazimana kwa zamu, kila mtu atasoma vitabu vitano kwa bei ya kimoja. Jambo hili si geni. East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948, ilikuwa ikiwaazima wasomaji wa mbali vitabu kwa njia ya posta.

Lakini kumsifia mtu kitabu kuna utaratibu wake. Yashikeni mambo haya manne.

Kwanza, taja jina la kitabu na la mwandishi kwa ukamilifu, ili mwenzako asipotee dukani au maktabani.

Pili, eleza mwanzo wa hadithi, wala usifichue mwisho. Katika "Siku Njema" ya Ken Walibora, iliyotolewa mwaka 1996, kijana Kongowea aondoka Tanga kumtafuta baba yake, na safari yamleta hata Kitale, si mbali na hapa kwetu. Hayo yatosha. Kama alimpata au hakumpata, mwache msomaji ajionee.

Tatu, mfikirie mtu kabla ya kumchagulia kitabu. Apendaye habari za upelelezi atafurahia "Mzimu wa Watu wa Kale" cha Muhammed Said Abdulla, kilichotolewa mwaka 1960. Apendaye kufikiri juu ya haki na utawala, mpe "Kusadikika" cha Shaaban Robert, cha mwaka 1951. Ukivibadilisha, huenda kila mmoja akachoka mapema na kudhani kwamba vitabu vyote havimfai.

Nne, sema kweli. Lugha ya "Kusadikika" ni nzito kidogo. Mwonye mwenzako aende polepole, kisha umwambie kwa nini wewe hukukata tamaa. Sifa zisizo na kasoro hazisadikiki.

Tena, wekeni daftari ndogo. Andikeni jina la kitabu, la aliyekiazima, na siku ya kukirudisha. Vitabu vingi hupotea kwa kusahauliwa tu, na urafiki nao huharibika pamoja navyo.

Basi, msomaji, jioni ya leo mwulize jirani yako swali lile. Akikosa jibu, mweleze kitabu ukisomacho wewe, na ukikimaliza, mpelekee.