SOMO LA MWEZI: MANENO MAGUMU NA KITABU CHA KUSADIKIKA

 

Mwezi huu kundi letu la kusoma limeombwa lieleze linachofanya kila Jumapili baada ya ibada, pale chini ya mwembe. Wapo walioona tumekaa na kitabu wakafikiri ni darasa la ubatizo. Wapo waliouliza kwa nini watu wa kanisa wapoteze saa nzima na hadithi, tena hadithi ya nchi ambayo haipo duniani. Swali hilo ni la haki, nasi tunalijibu kwa somo hili.

NENO MOJA LILILOTUAMSHA

Kundi lilianza kwa sababu ya neno moja. Mama mmoja wa kanisa letu alimpeleka mtoto wake hospitali, akaambiwa mtoto anatakiwa kupasuliwa. Akapewa karatasi aweke dole gumba. Juu ya karatasi paliandikwa "Fomu ya Ridhaa". Mama aliweza kusoma herufi, lakini neno hakulijua, na aibu ikamzuia kuuliza. Akadhani ni karatasi ya deni, kwamba akiweka dole atadaiwa fedha ambazo hana. Akambeba mtoto wake, akarudi naye nyumbani.

Maumivu yalizidi siku tatu. Ndipo jirani yake mmoja, aliyesoma hapa ugenini, akamwambia: "Mama, ridhaa ni kukubali kwa hiari yako. Wanakuomba ruhusa tu." Walirudi hospitali usiku uleule. Tunamshukuru Mungu, mtoto alipona, na leo mnamsikia katika kwaya ya watoto. Lakini sisi wazee wa kanisa tulipoisikia habari hiyo tuliulizana: ni wangapi kati yetu wangelijua neno lile? Tulikuwa watu tisa. Waliolijua walikuwa wawili.

Ndugu, hatukuja hapa bila Kiswahili. Tulikuja nacho, lakini ni Kiswahili cha kwetu. Wengine wetu husema "leta" tukimaanisha serikali, na mwenyeji akisikia "leta" anangoja aambiwe alete nini. Wengine tuliotoka Kongo husema "kuuza" tukimaanisha kununua, na "kuuzisha" ndiyo kuuza. Fikiria mtu wa namna hiyo anafika sokoni na kusema, "Nimekuja kuuza unga." Muuzaji anamtazama mikono mitupu na kumwuliza unga uko wapi. Sokoni tunacheka na mambo yanaisha. Ofisini na hospitalini hakuna wa kucheka naye.

WATU WALIOELEZWA MAANA

Biblia inayo habari inayotufaa. Soma Nehemia 8:1-9. Watu walikuwa wamerudi kutoka uhamishoni. Walikusanyika mbele ya Lango la Maji, wanaume na wanawake na wote wenye kuweza kusikia na kufahamu. Ezra alisoma kitabu tangu asubuhi hata adhuhuri. Lakini hakusoma tu na kuondoka. Walawi walisimama kati ya watu, wakawaeleza maana, hata watu wakafahamu yaliyosomwa. Ndipo watu wakalia.

Tuangalie mambo mawili hapo. Kwanza, hakuna aliyeona aibu kuelezwa. Hao walikuwa watu wazima, wenye nyumba zao na watoto wao. Pili, wanaoeleza walikuwa wengi, wakisimama katikati ya watu. Nasi tulitaka kundi la namna hiyo, ambamo kila mmoja anayejua neno moja analigawa kwa wenzake.

KWA NINI KITABU HIKI

Kitabu tulichochagua ni Kusadikika cha Shaaban Robert, mwandishi wa Tanga aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962. Alifanya kazi ya ukarani katika serikali ya kikoloni, na aliandika mashairi na hadithi nyingi. Hakuwa Mkristo, alikuwa Mwislamu. Tumelisema hilo wazi tangu siku ya kwanza ili asiwepo wa kukwazika baadaye. Tunasoma kitabu chake ili tujifunze lugha, na pia kwa sababu hadithi yenyewe inapenda haki.

Kitabu kilichapishwa mwaka 1951. Biblia yetu ya Union Version ilitoka mwaka 1952. Vyote viwili vilitoka wakati ambapo Kiswahili Sanifu, kilichofuata lahaja ya Unguja, kilikuwa kikienezwa katika shule na vitabu vya Afrika Mashariki. Ndiyo maana maneno mengi yanayotushinda katika Kusadikika ndiyo yaleyale yanayotushinda katika Zaburi na Nyaraka. Anayefungua mlango mmoja anakuwa amefungua na wa pili.

Hadithi ni hii kwa ufupi. Kusadikika ni nchi iliyo angani. Kijana anayeitwa Karama ameshtakiwa mbele ya Mfalme, na mshtaki wake ni Waziri Majivuno. Kosa lake ni kwamba alitaka watu wajifunze sheria, ili mtu asiyejua kujitetea apate wa kumtetea. Karama anajitetea mwenyewe. Anawakumbusha wakubwa habari za wajumbe sita ambao nchi iliwatuma zamani: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Wanne walitumwa pande nne za dunia, mmoja mbinguni na mmoja ardhini. Kila mmoja aliteseka njiani, akarudi na mambo mema ya kuijenga nchi, na malipo yake yakawa kifungo. Mwishoni Karama anaachiwa huru, na wajumbe nao wanafunguliwa.

Siku tulipofika kwenye jina la mjumbe Ridhaa, yule mama alikuwepo. Alinyosha mkono kabla ya mwalimu kuuliza, akasema, "Hilo nalijua. Hilo niliwahi kulilipia."

MAJINA NDIYO SOMO

Katika kitabu hiki majina ya watu yana maana, na ukiyajua majina umekwisha kujifunza maneno makubwa ya Kiswahili. Tumeyapanga hapa pamoja na mahali pa kuyatafuta katika Biblia, au mahali tunapokutana nayo katika maisha.

Kusadikika. Neno hili linatoka kwenye "sadiki", yaani kuamini kwamba jambo ni kweli. Ukiongeza "-ika" unapata jambo linaloweza kuaminiwa. Ni kama "vunja" na "vunjika", "soma" na "someka". Tafuta "sadiki" katika Mathayo 24:23.

Karama. Ni kipawa alichopewa mtu na Mungu. Soma 1 Wakorintho 12:4.

Majivuno. Linatoka kwenye "jivuna", yaani kujiona mkubwa kuliko wengine. Soma 1 Wakorintho 13:4, uone upendo usivyofanya.

Fadhili. Ni wema anaotendewa mtu ambaye hakuulipia. Zaburi 136 inalirudia neno hili katika kila mstari, mistari 26.

Amini. Likiwa jina, ni mtu mwaminifu, anayeweza kuachiwa mali ya mwenzake. "Amina" tunayosema mwisho wa sala ni ndugu yake.

Buruhani. Ni dalili au uthibitisho wa jambo. Wakati wa kuhakiki familia tunaulizwa uthibitisho kwamba mtoto huyu ni wetu. Hiyo ndiyo buruhani.

Auni. Ni msaada. Kumwauni mtu ni kumsaidia katika shida.

Kabuli. Ni kukubali au kukubaliwa. Lisikilize vizuri, utasikia ndani yake neno "kubali".

Ridhaa. Ni kukubali kwa hiari, bila kulazimishwa. Linatoka pamoja na "ridhika" na "radhi". Kumbukeni kwamba aliyeombwa ridhaa ana haki ya kuuliza maswali kwanza, na ana haki ya kukataa.

Zaidi ya majina, yapo maneno ya baraza la hukumu. Tulikaa Jumapili mbili nzima juu ya maneno mawili, "mashtaka" na "hatia". Mashtaka ni yale mtu anayosemwa nayo. Hatia ni kosa lililothibitika. Karama alikuwa na mashtaka lakini hakuwa na hatia. Kijana mmoja wetu aliwahi kuulizwa katika mahojiano kama alipata kushtakiwa. Akajibu "hapana" kwa nguvu, akidhani anaulizwa kama ana hatia. Baadaye karatasi zake zilionyesha kwamba alishtakiwa na kuachiwa, naye akaonekana kuwa mwongo. Hakusema uongo. Neno ndilo lililomponyoka, na faili lake likachelewa sana.

JINSI TUNAVYOSOMA

Tuna nakala moja tu ya kitabu, na jalada lake limekwisha. Tunayo pia Kamusi ya Kiswahili Sanifu moja. Kwa hiyo wenye vitabu vichache wasikate tamaa. Njia yetu ni hii:

1. Mmoja anasoma ukurasa mmoja kwa sauti, polepole. Wengine wanasikiliza bila kumkatiza.

2. Anasoma mara ya pili. Sasa kila mmoja anainua mkono akisikia neno asilolijua. Hatuandiki zaidi ya maneno matano kwa siku. Tulipoanza tuliandika ishirini, na wiki iliyofuata hapakuwa na aliyekumbuka hata moja.

3. Tunakisia maana kwanza, kwa kutazama yaliyotangulia na yanayofuata. Anayekosea hachekwi.

4. Tunalivua neno nguo zake. Mfano, "wakamsingizia". Ondoa "wa", ondoa "ka", ondoa "m". Linabaki "singizia", yaani kumwekea mtu kosa ambalo hakulifanya. Katika kamusi utalipata kwenye herufi S. Wengi wetu tulikuwa tukilitafuta kwenye W, tukisema kamusi ni mbovu.

5. Tunauliza: kwetu tunasemaje? Mmoja anatoa neno la Kirundi, mwingine la Kibembe, mwingine la Kifuliiru. Neno geni likipata mwenzake wa nyumbani, halipotei tena.

6. Ndipo tunafungua kamusi, tunasahihisha, na kila mmoja anaandika sentensi yake mwenyewe katika daftari. Asiyejua kuandika anaisema kwa mdomo, na kijana anamwandikia.

7. Kila mmoja akifika nyumbani anamfundisha mtu mmoja neno moja. Jumapili inayofuata tunaanza kwa kuulizana hayo.

TAHADHARI

Ndugu wapendwa, tusigeuze somo hili kuwa fimbo ya kuwapigia wengine. Katika Waamuzi 12:5-6 tunasoma kwamba watu wa Efraimu waliulizwa neno moja kwenye vivuko vya Yordani, na walioshindwa kulitamka waliuawa, watu 42,000. Wapo kati yetu waliopita vizuizi vya namna hiyo, nasi hatuna haja ya kuwaeleza. Kwa hiyo mtoto wako akija na Kiswahili cha shule, asimcheke bibi yake. Na bibi asimwambie mjukuu kwamba ameacha ukoo. Kiswahili Sanifu ni nguo ya kwenda nayo ofisini. Lugha ya nyumbani ni ngozi, nayo haivuliwi.

Tena tusiwaachie vijana peke yao. Katika nyumba nyingi mtoto wa miaka kumi ndiye anayemsomea baba barua. Baba anajua mambo yote ya nyumba kwa mdomo wa mtoto, hata mambo ambayo mtoto hakupaswa kuyajua. Baba na mama wakijifunza maneno yao, wanamwondolea mtoto mzigo huo.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI

1. Soma Nehemia 8:8. Kwa nini kusoma peke yake hakukutosha?

2. Ni neno gani uliloliona katika karatasi ukaogopa kuuliza maana yake? Mtajie mwenzako leo.

3. Karama alitaka kila mtu apate wa kumtetea. Katika mtaa wetu, ni nani asiye na wa kumsomea barua? Nani kati yenu atakwenda kwake wiki hii?

4. Tunga sentensi moja kwa kila neno: ridhaa, hatia, mashtaka, singizia, fadhili.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutaleta maneno kumi yanayoandikwa mara nyingi katika karatasi za hospitali na za shule. Mwenye karatasi iliyomshinda ailete chini ya mwembe. Tutaisoma pamoja, na siri zake zitabaki kuwa siri zake. Yule mama sasa ndiye anayetunza daftari la maneno, na ukiingia kwa mara ya kwanza, yeye ndiye atakayekukaribisha na kukupa mahali pa kukaa.

Mungu awabariki na kuwalinda.