Je, Kristo Alifanywa Mungu Huko Nikea?

Mwalimu wa darasa la ubatizo aweza kuulizwa neno hili, nasi twaona si vema kulipita: ati Wakristo wa kwanza walimjua Yesu kuwa nabii tu, hata maaskofu walipokutana Nikea mwaka 325 wakamfanya Mungu.

Na tumsikilize kwanza shahidi asiye rafiki. Yapata mwaka 112 liwali wa Kirumi, jina lake Plinio, alimwandikia Kaisari Trayano habari za Wakristo aliowahukumu katika nchi ya Bithinia. Alisema hukutanika siku maalum kabla ya mapambazuko na kumwimbia Kristo kama aimbiwavyo mungu. Hesabu miaka, ndugu msomaji: yazidi mia mbili kabla ya mkutano ule. Tena mji wa Nikea wenyewe ulikuwa katika nchi hiyo hiyo.

Basi maaskofu walikutana kwa nini? Ario, kasisi wa Aleksandria, alifundisha ya kuwa Mwana ni kiumbe, ijapokuwa mkuu kuliko viumbe vyote, na ya kuwa palikuwa na wakati asipokuwako. Wakamkataa. Athanasio wa mji ule ule alishika jambo moja: kiumbe hawezi kumwokoa kiumbe mwenziwe, na amsujuduye kiumbe amerudia sanamu. Alipokuwa askofu alifukuzwa katika kiti chake mara tano.

Ugomvi huo ulifika hata pande zetu za Afrika. Athanasio alimweka Frumensio kuwa askofu wa Aksum, katika Uhabeshi. Yapata mwaka 356 Kaisari Konstansio, aliyewapendelea wafuasi wa Ario, aliwaandikia wakuu wa Aksum, Ezana na Sazana, wamrudishe Frumensio Aleksandria apimwe imani yake. Lakini Kanisa la Uhabeshi laikiri imani ya Nikea hata leo.

Na huku kwetu? Wamisionari wa Leipzig, Ovir na Segebrock, waliuawa Akeri Oktoba 1896, kazi yao ikiwa haijaanza. Kituo cha Nkoaranga kilianza mwaka 1902, cha Ilboru mwaka 1904. Wazee wa huku hawakuwa na haja ya kuambiwa kwamba Mungu yuko. Waarusha walimwita Engai, wakamwomba mvua na watoto. Kama Yesu angalikuwa nabii tu, wangaliletewa habari za mjumbe mmoja zaidi. Bali waliambiwa ya kuwa yeye aliyelazwa horini na kufa msalabani ni Mungu wa kweli, aliyeshuka mwenyewe.