Kinywa Safi, Pumzi Safi

Hivi karibuni mkulima mmoja alifika ofisini kwetu kuuliza habari za mbegu. Maswali yake yalikuwa mazuri sana, lakini aliyauliza huku amefunika mdomo kwa mkono. Nilimwuliza polepole kama jino lamwuma. Akajibu, "Hapana, bwana. Nisemapo mkutanoni wenzangu husogea. Basi siku hizi nanyamaza tu."

Hiyo ni hasara kubwa. Mtu mwenye akili njema ya shamba amenyamaza, na chama chake hakipati shauri lake. Kwa hiyo somo letu leo si la mahindi, ni la kinywa.

Harufu hutoka wapi?

Wengi hudhani harufu mbaya hutoka tumboni. Mara nyingi sivyo, hutoka kinywani. Vijidudu visivyoonekana kwa macho hukaa katikati ya meno, kwenye fizi, na hasa nyuma ya ulimi. Hula mabaki ya chakula na kutoa gesi zenye salfa, yaani harufu ile ile ya yai viza. Mchana mate huviosha. Usiku mate hupungua, ndiyo maana kila mtu huamka na harufu kidogo. Hiyo si aibu.

Ukila omena au vitunguu, harufu yake itapita yenyewe. Lakini mabaki ya omena yaliyolala kati ya meno ni kama matumbo ya samaki yaliyoachwa ufukoni: ukinyunyiza marashi juu yake, bado yaoza. Kadhalika pipi na karafuu hufunika harufu kwa saa moja tu. Dawa ni kuondoa uchafu.

Mazoea ya kila siku

1. Sugua meno mara mbili kwa siku, asubuhi na kabla ya kulala. Ya usiku usiiache kamwe. Tumia dawa ya meno yenye floridi, kisha tema povu bila kusukutua kwa maji mengi.

2. Wazee wetu walijua kijiti, nacho chafaa hata leo. Chagua mti ambao wenyeji huutumia kwa mswaki, maana miti mingine ina sumu. Tafuna ncha mpaka iwe nyuzi, sugua taratibu, na kata ncha iliyotumika. Usisugue kwa mchanga wala makaa, hukwangua meno.

3. Safisha ulimi kwa mswaki au ukingo wa kijiko, kutoka nyuma kuja mbele.

4. Chukua maji safi ya kunywa unapokwenda kupalilia. Kinywa kikavu hunuka upesi. Maji ya ziwa yachemshe kwanza.

5. Punguza miwa, soda na pipi kati ya milo. Acha tumbaku.

6. Kila mtu awe na mswaki wake, naye aubadili baada ya miezi mitatu hivi.

Wajaluo wa zamani waling'oa meno sita ya mbele ya chini kwa desturi. Watoto wetu wa leo wanabaki na meno yote. Basi tuwafundishe kuyatunza yote.

Wakati wa kwenda hospitali

Ukifuata mazoea haya kwa majuma mawili na harufu ibaki, au fizi zitoe damu, au jino lilegee, nenda ukapimwe. Fizi zikiugua kwa muda mrefu, mfupa unaoshika meno huliwa, na meno hung'oka yenyewe hata kama hayana tundu. Harufu kama ya matunda yaliyoiva mno, pamoja na kiu nyingi na kukojoa mara kwa mara, yaweza kuwa dalili ya ugonjwa wa sukari, usikawie.

Yule mkulima alinieleza kwamba fizi zake hutoa damu kila asubuhi, naye kwa hofu ameacha kabisa kuzisugua. Kumbe hapo ndipo uchafu ulipozidi! Nilimshauri aende kwa daktari wa meno, na aendelee kusugua kwa mswaki laini.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini harufu huzidi asubuhi?
2. Ni sehemu gani ya kinywa ambayo wengi husahau kuisafisha?
3. Fizi zikitoa damu, utafanya nini?

Wasomee wa nyumbani maswali haya jioni, kabla hawajalala.