Nusukaputi: Dawa Inayoondoa Uchungu na Kupunguza Pumzi

Na mwanachama, Kidato cha Tatu

Neno nililochagua kuwaeleza mwaka huu ni nusukaputi. Limeundwa kwa nusu na kaputi, neno la Kijerumani lenye maana ya kuharibika kabisa. Yaani mgonjwa amekufa nusu! Kisomali, lugha ya nyumbani kwetu, husema suuxdin, kumfanya mtu azimie. Je, ni ajabu wazee wetu wakiogopa chumba cha upasuaji?

Mwaka jana mdogo wangu alianguka kutoka mkokoteni wa punda hapa Dagahaley, akavunjika mkono hadi mfupa ukatokeza. Mtaalamu wa dawa za usingizi hakujua Kisomali, naye nyanya hajui Kiswahili. Basi mkalimani nikawa mimi. Aliyoeleza siku ile, pamoja na niliyosoma baadaye, ndiyo somo letu.

KAZI YAKE

Mara nyingi dawa moja haitoshi. Ya kwanza hulaza akili, ya pili huzuia maumivu, na pengine ya tatu hulegeza misuli. Wengi hudhani aliyelala amemaliza. La! Kisu kikikata ngozi, au mpira ukiingizwa kooni, moyo hukimbia na shinikizo la damu hupanda hata kama mtu hajijui. Dawa ya pili ndiyo hutuliza hayo.

Mtaalamu alitaja fentanili, jamaa ya mofini. Iliundwa na Paul Janssen wa Ubelgiji mnamo 1960. Nguvu yake yaweza kufika mara 100 ya mofini, ndiyo maana hupimwa kwa mikrogramu, yaani gramu moja ikigawanywa mara milioni. Ikidungwa mshipani huanza kazi kwa dakika 1 au 2, na kipimo kidogo huisha nguvu baada ya nusu saa au saa moja hivi. Mofini hukaa saa 3 hadi 4.

Ufupi huo una faida. Panapouma sana dawa huongezwa. Upasuaji ukikaribia kwisha huachwa, mgonjwa aamke akipumua mwenyewe. Lakini uchungu nao hurudi mapema, kwa hivyo hutayarishiwa dawa nyingine ya kukaa.

HATARI YAKE

Kwa kawaida kaboni dioksaidi ikizidi katika damu, ubongo hutuamuru tuvute pumzi. Fentanili huufanya ubongo uzembee. Pumzi hupungua, na kipimo kikizidi hukoma. Mapigo ya moyo hupungua pia. Ikidungwa nyingi kwa haraka, kifua chaweza kukakamaa. Baada ya kuamka wengine hutapika au hujikuna.

Kwa sababu hiyo mtaalamu haondoki kichwani pa mgonjwa. Ana oksijeni, mfuko wa kusukumia hewa, na naloksoni, dawa inayopinga fentanili. Naloksoni nayo huisha upesi, hivyo mgonjwa huendelea kuangaliwa. Pasipo na mitambo mingi, wengi hutumia ketamini, ambayo haizuii pumzi sana.

NILIPOKWAMA

Alipofika kwenye pumzi, nilinyamaza. Nyanya alikuwa ameshika shuka ya mdogo wangu. Nikajiambia, nikimtafsiria hili, si atambeba mtoto turudi nyumbani? Nilitaka kuliruka. Lakini mtoto alikuwa wake, na neno lilikuwa lake kulisikia.

Nikamwambia yote. Akakaa kimya, kisha akaniuliza, "Nani atakayemhesabia pumzi?"

Nikatafsiri. Mtaalamu akajibu, "Mimi, nyanya. Nitakuwa hapo tangu alale mpaka aamke."

Nyanya akaachilia shuka. Akaniambia kwamba mtu akikuficha hatari, hata wema wake huuamini.

Mdogo wangu aliamka akiomba maji, akatapika mara moja, na leo anacheza mpira.

Ndugu wanachama, hapa kambini wengi wetu ni wakalimani wa wazazi wetu. Ukiulizwa kama mgonjwa amekula, au ametumia dawa gani, jibu ukweli, maana usalama wa mgonjwa hutegemea jibu lako. Na ukiambiwa jambo la kutisha, litafsiri lote. Nusukaputi si nusu ya kufa. Ni usingizi unaolindwa na mtu aliye macho.