Kabla Hujamjibu: Kubishana Siasa Mtandaoni Ukiwa Sugar Land

Juni 2024 kaunti ya Fort Bend hapa Texas, ulimo mji wetu wa Sugar Land, ilipata kioja. Taral Patel, aliyegombea ukamishna wa kaunti kwa tiketi ya Democratic, alikamatwa. Waendesha mashtaka walidai kwamba baadhi ya matusi ya kibaguzi aliyokuwa akirushiwa kwenye Facebook, naye akayalalamikia hadharani, yalitoka kwenye akaunti bandia alizofungua mwenyewe. Novemba alishindwa uchaguzi, na 2025 akakiri makosa mahakamani.

Sasa fikiria kukesha ukijibizana na akaunti kama hizo. Kabla hujanoa kalamu, ingia kwenye ukurasa wa anayekutukana. Akaunti ilifunguliwa lini? Huandika nini kampeni zisipokuwepo? Ukiona ni kivuli kitupu, piga skrinshoti, ripoti, rudi kwenye kazi yako. Na wewe usifungue akaunti ya kujibia kwa jina la mtu mwingine: hapa Texas, kutumia jina la mtu mtandaoni bila ridhaa yake kwa nia ya kumdhuru ni kosa la jinai.

Lakini siasa tunazogombania zaidi sisi Waswahili wa huku ni za nyumbani, na hapo ndipo uungwana wetu hupwaya. Ukiwa Sugar Land unaweza kumpachika waziri jina lolote, ukala ugali wako, ukalala. Anayekuunga mkono chini ya posti yako akiwa Kisumu au Mwanza hana uhakika huo. Juni 2025 mwalimu na mwanablogu Albert Ojwang alikamatwa Homa Bay kwa ajili ya posti iliyomhusu naibu mkuu wa polisi, akafia mikononi mwa polisi Nairobi. Tanzania nako, mtandao wa X ulifungwa mwaka huohuo, na siku ya uchaguzi, 29 Oktoba, intaneti ikazimwa.

Kwa hiyo usimtagi aliye nyumbani kwenye hoja kali bila kumuuliza kwanza faraghani. Ujumbe wa kundi la WhatsApp usiuhamishie Facebook, hata ukifuta jina, maana ndugu wanatambuana kwa uandishi. Anayenyamaza usimwite mwoga wala chawa. Binafsi naona mwandishi wa ughaibuni anayemchokoza wa nyumbani aseme asichoweza kukisema salama ana kosa kubwa kuliko mtukanaji.

Katika kujibu hoja yenyewe, tuwaige malenga. Muyaka wa Mombasa na washairi wa Lamu walirushiana mashairi makali wakati miji yao ikiwa vitani, na kumjibu mtu kwa bahari yake, yaani kwa muundo uleule wa shairi lake, kulikulazimu kwanza umsome mpaka mwisho. Nasi tuanze hivyo: andika hoja ya mwenzako kwa maneno ambayo yeye mwenyewe atayakubali, ndipo uipige. Ukishindwa kuiandika, hujaielewa. Piga sera, piga takwimu, piga rekodi ya kiongozi. Kabila, dini na mama wa mtu viache. Ukitoa tarehe au idadi, sema umeitoa wapi.

Angalia saa pia. Wakati wa kiangazi, saa tano ya usiku hapa ni saa moja ya asubuhi Nairobi na Dar. Hasira uliyoiandika ukisinzia inasomwa na watu waliopumzika, na ukiamka imeshasambaa. Iweke kwenye rasimu mpaka kesho.

Ikiwa mmeshavunjiana heshima, mpigie simu mwenzako. Mtakutana tu kwenye harambee ya msiba Houston. Kisha mkishapatana, rudi palepale ulipomtukana, uandike kwamba umelifuta neno lako. Waliolisoma wako hapo, si kwenye simu yenu.