Timu Ikihama Uwanja: Somo la Kupima Hoja

Katika majadiliano ya shule kazi ya kwanza ni kuitenga hoja na makelele. Kazi hiyo ni ngumu, na huwa ngumu zaidi mazungumzo yakiwa ya mpira. Kwa hiyo leo tutajifunza kwa kuutazama ubishi mmoja wa kweli: ubishi wa wapenzi wa Simba ya Dar es Salaam juu ya uwanja wa kuchezea fainali, mwezi wa Mei 2025.

Huenda msomaji wa Vamizi akauliza, mambo ya Dar es Salaam yatuhusu nini sisi watu wa Cabo Delgado? Na afungue ramani. Ataona ya kwamba kutoka Vamizi mpaka Maputo, mji mkuu wa nchi yetu, ni mbali zaidi ya mara tatu kuliko kutoka Vamizi mpaka Dar es Salaam. Tena ubishi wenyewe ulikuwa juu ya kuvuka bahari, na jambo hilo mtu wa kisiwani halihitaji kuelezwa mara mbili.

Mambo yalikuwa hivi. Simba ilizoea kucheza mechi zake kubwa katika uwanja wa Benjamin Mkapa, uliofunguliwa mwaka 2007 na wenye nafasi ya watu 60,000. Mwaka 2025 kiwanja chake kiliharibika, na Shirikisho la Mpira la Afrika, CAF, likakataa kisitumike. Nusu fainali ya Kombe la Shirikisho ikapelekwa Amaan, Unguja, na tarehe 20 Aprili Simba ikaifunga Stellenbosch ya Afrika Kusini 1-0 huko. Simba ilipoingia fainali ilitaka kurudi nyumbani. Tarehe 17 Mei ilikuwa imefungwa 2-0 na RS Berkane kule Moroko, na mechi ya marudiano ilikuwa tarehe 25 Mei. CAF ikasema kiwanja cha Mkapa bado ni kibovu kwa sababu ya mvua. Fainali nayo iende Amaan, penye nafasi ya watu kiasi cha 15,000.

Hapo ndipo ubishi ulipowaka. Hoja iliyosikika kuliko zote ilikuwa ile ya msemo wao mashuhuri: "Kwa Mkapa hatoki mtu." Tuipime. Ni kweli ya kwamba Al Ahly ya Misri, timu kubwa kabisa ya Afrika, ilifungwa pale 1-0 mwaka 1..., la, tuseme sawasawa, mara mbili: mwaka 2019 na tena mwaka 2021, na bao la mara ya pili lilifungwa na kijana wetu wa Msumbiji, Luis Miquissone. Lakini msemo hausemi "watu wengi hawatoki". Wasema hatoki mtu. Dai la namna hiyo huangushwa na mfano mmoja tu. Mwaka 2023 USM Alger ya Algeria ilikuja hapo hapo katika fainali ya kombe hili hili, ikaifunga Yanga 2-1, ikatoka salama. Juma lililofuata Yanga ikaenda Algiers, mbele ya watu wasio wake, ikashinda 1-0. Na wazee wa Simba wenyewe wakumbuka mwaka 1993, fainali ya Kombe la CAF: walitoka sare Abidjan, wakarudi Dar es Salaam kwa watu wao, wakafungwa 2-0 na Stella. Watazamaji husaidia, hilo sikatai. Ila msemo wa kutia moyo ni wa kuimbwa jukwaani; ukiletwa mezani kama ushahidi haufiki mbali.

Wengine walisema ni hila. Mwenye kudai hila na alete ushahidi, maana uchungu wa kunyimwa si ushahidi. Baadaye kulikuwa na jambo lililofanana na ushahidi: tarehe 2 Agosti 2025 uwanja wa Mkapa ulitumika kufungulia mashindano ya CHAN, nyasi zikiwa nzuri. "Mwaona?" Lakini mwanafunzi wa jiografia atauliza mara moja, kati ya Mei na Agosti pana nini? Mei ni mwisho wa masika. Agosti ni kiangazi. Nyasi za Agosti hazituelezi hali ya nyasi za Mei.

Sasa tuje kwenye hoja ambayo kwa maoni yangu ndiyo nzito, nayo ni ya nauli. Mpenzi wa Simba akaaye Mbagala hupanda daladala tu kwenda Mkapa. Kwa Amaan itampasa akate tikiti ya boti, asafiri baharini kiasi cha saa mbili, pengine atafute na mahali pa kulala. Tena hata akiwa na fedha, viwanja viwili hivi havilingani: wakijaa watu 60,000 Mkapa, Amaan itawachukua 15,000 tu, yaani katika kila wanne atapata mmoja. Nani atakayekosa? Kwa kawaida ni yule aliyekuwa akija kila juma, kwenye mvua na jua, akakaa viti vya bei ndogo.

Hata hivyo tusisimame upande mmoja wa bahari. Unguja na Pemba wamejaa wapenzi wa Simba, na miaka yote wao ndio waliokuwa wakipanda boti. Nauli ambayo mtu wa Mbagala aliilalamikia kwa siku moja, mtu wa Mkunazini ameilipa maisha yake yote, wala hakuna aliyemwandikia CAF barua kwa ajili yake. Mtu wa kisiwani akisema "safari hii na waje wao," sioni jinsi ya kumjibu kwa haraka.

Lakini mbona timu kubwa namna hii iliambiwa nenda huku, nenda kule? Hapa ubishi wa mashabiki uligusa jambo kubwa bila kulishika. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, na mpaka fainali hiyo zote mbili zilikuwa wapangaji. Yanga ina kiwanja chake cha Kaunda pale Jangwani, lakini ni bondeni mwa mto Msimbazi, na mafuriko yamekishinda. Simba ilifungua kiwanja cha mazoezi huko Bunju mwisho wa mwaka 2019, nacho si cha kuchezea fainali. Azam, timu changa mbele ya hawa wazee, ina uwanja wake Chamazi. Mwezi wa Novemba 2024 Yanga, iliyokuwa ikiutumia uwanja huo kama nyumbani, ilifungwa humo 1-0 na Azam wenyewe: mwenye nyumba alimfunga mpangaji sebuleni. Siku chache baadaye Tabora United wakaifunga 3-1 hapo hapo. Mwezi ule ule Yanga ikahamia uwanja wa KMC, Mwenge. Akitokea mtu akasema Chamazi pana nuksi, mwulize: je, mechi zote ambazo Yanga ilishinda pale, nuksi ilikuwa imelala?

Hata Ulaya wapangaji wapo. West Ham ya London ilicheza Upton Park tangu 1904, ikahama mwaka 2016 kwenda uwanja uliojengwa kwa Olimpiki ya 2012. Viti viliongezeka sana, lakini wapenzi wengi walilalamika ya kwamba wamewekwa mbali na mchezo.

Mechi ya Amaan iliisha 1-1, na Berkane wakachukua kombe kwa jumla ya mabao 3-1.

Maswali ya kujadiliana darasani:

1. "Simba ingechezea Mkapa ingetwaa kombe." Je, sentensi hii yaweza kuthibitishwa au kukanushwa? Kwa njia gani?

2. Mtu wa Mbagala na mtu wa Mkunazini wote ni wanachama wa klabu moja. Andika barua mbili fupi kwa viongozi, moja ya kila mmoja, kila barua ikijibu hoja ya mwenzake.

3. Timu ya kisiwa chenu imeombwa ikacheze mechi zake zote Palma, kwa sababu kiwanja cha huko ni kikubwa zaidi. Ni nani aulizwe kwanza, na nauli ya mashua alipe nani?