Sabato Tatu, Kisha Nini?

Neno kuu: 1 Wathesalonike 2:7–9, 17–18 na 3:1–6



Mwishoni mwa Aprili 2023, shule zikiwa zimefungwa, tulijaza basi tukaenda Lodwar kwa misheni ya siku nne. Wengi wenu mlikuwa ndani. Mnakumbuka hali ilivyokuwa. Misimu mitano ya mvua ilikuwa imekosekana mfululizo, mifugo imekufa, na watoto waliozoea kuchunga mbuzi walikuwa wanalala kwenye varanda za maduka mjini, wengine wakinusa gundi ili wasisikie njaa. Tuliimba nao, tukawapa mkate na soda, tukawaombea.

Jioni ya mwisho kijana mmoja wa kama miaka kumi alinishika mkono akakataa kuuachilia. Dereva alikuwa anapiga honi. Nikamwambia, "Usijali, nitarudi Disemba." Akaniachilia. Nikapanda basi nikijiona nimebarikiwa kweli kweli.

Disemba ikafika. Hapa kanisani tulikuwa tunaezeka paa. Sikwenda, na kusema ukweli, hata simu sikupiga.

Niliporudi Agosti 2024 watoto wengine walinikimbilia. Yeye hakuja. Alisimama kando ya ukuta ananiangalia tu. Mchungaji mwenyeji ndiye aliyenieleza: "Ile Disemba, huyu alikuwa anaenda steji kila jioni mabasi ya kutoka Kitale yakiingia. Karibu wiki mbili." Nikamwendea, nikachuchumaa mbele yake. Akaniuliza swali moja: "Pasta, mbona haukukuja?"

Mimi nimesomea biashara. Najua kwamba deni lisiloandikwa kitabuni halilipwi. Hili sikuwa nimeliandika popote, na mwenye kunidai alikuwa mtoto ambaye watu wazima walishamwacha kabla yangu. Mimi nilikuwa mtu mzima mwingine tu katika hiyo orodha.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma Wathesalonike kwa macho mengine. Luka anataja sabato tatu ambazo Paulo alihojiana na watu katika sinagogi la Thesalonike (Matendo 17:2). Kisha ghasia ikatokea, na ndugu wakamtoa mjini usiku. Kwa hiyo hata Paulo alifanya misheni fupi. Ufupi wa safari si dhambi. Lakini tazama anavyoeleza kuondoka kwake katika 2:17. Neno la Kigiriki alilotumia lina mzizi mmoja na neno yatima. Anasema kuachana nao kulimfanya awe kama yatima. Mimi niliondoka Lodwar nikitafuta picha nzuri ya kuweka kwenye grupu. Tujifunze mambo matatu kwake.

1. Paulo hakuwalemea (2:9)

Anawakumbusha kwamba alifanya kazi usiku na mchana asiwe mzigo kwa mtu yeyote. Niliporudi nyumbani nilichukua risiti zetu za 2023 nikazipanga upya. Tulichanga shilingi 412,000. Basi, malazi yetu, chakula chetu na fulana zetu za misheni zilikula 347,000. Watoto walipata 65,000. Yaani katika kila shilingi 100 mliyotoa kwa ajili ya watoto, kama 16 ndizo zilizowafikia. Hakuna aliyeiba. Kila risiti ipo. Lakini ningekuwa mwekezaji ningeuliza maswali, na ninyi mna haki ya kuuliza.

Tena kuna gharama ambayo haina risiti. Akina mama watatu wa kanisa lile huwapikia watoto uji kila Jumamosi. Wiki ile hawakuwapikia, kwa sababu walikuwa wanatupikia sisi.

2. Paulo aliposhindwa kurudi, alisema (2:18)

Alitaka kuja, si mara moja, akazuiwa. Lakini hakuwaacha wakikisia. Aliwaandikia. Mtoto aliyeachwa mara nyingi hahesabu zawadi, anahesabu nani amerudi. Ndiyo maana "nitarudi" si salamu ya kuagana. Ni ahadi, na Bwana wetu ametufundisha ndiyo yetu iwe ndiyo (Mathayo 5:37). Kama huna uhakika, mwambie mtoto ukweli: "Mimi naenda kesho, lakini mama huyu yuko hapa Jumamosi." Ataumia kidogo leo, lakini hatakungoja steji.

3. Paulo alimtuma mtu wa kuwaimarisha (3:1–2, 6)

Alikubali kubaki peke yake Athene ili Timotheo aende. Kisha Timotheo akarudi na habari zao. Mtu, ziara, habari: huo ndio mpango wa ufuatiliaji.

Baadhi yetu tulirudi na wazo la kujenga nyumba ya watoto kule. Nia ilikuwa njema, nami niliunga mkono. Lakini mpango wa kitaifa uliotolewa mwaka 2022 unataka mtoto alelewe katika familia, wala si katika taasisi, na wengi wa watoto wale wana bibi, shangazi au mjomba mahali fulani. Kazi ya kumtafuta huyo bibi, pamoja na afisa wa watoto, haiwezekani kwa siku nne. Inafanywa na anayejua Kiturkana na anayejua njia. Kijana wangu wa steji ana bibi. Mzee mmoja wa kanisa lile alimpata, baada ya kuuliza kijiji kwa kijiji. Sasa kijana analala kwake, ingawa siku zingine bado hutoroka kurudi mjini. Mambo hayajakwisha, na sitawadanganya kwamba yamekwisha.

Kwa hiyo, kabla hatujasajili majina ya safari ya Agosti, ninaleta pendekezo mbele yenu. Twende watu 12, si basi zima. Tulale chini kanisani. Tusinunue fulana. Pesa itakayobaki itumwe kila mwezi kwa uji wa Jumamosi na nauli ya yule mzee, na hesabu isomwe hapa mbele yenu. Najua wengine mlitamani kwenda na mtaumia kuachwa. Naomba muumie kwa ajili ya watoto hao.

Nilipoondoka mwaka ule, kijana hakunishika mkono. Alinisalimia kwa mbali, "Ejoka," akaenda zake. Sikuahidi kitu. Tangu hapo nampigia mchungaji mwenyeji kila Jumamosi jioni, na siku zingine yeye huja kwenye simu.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Ni ahadi gani umewahi kumpa mtoto, wako au wa mwingine, ambayo hujaitimiza? Utamwambia nini wiki hii?
2. Sheria ya Watoto ya 2022 inalinda faragha ya mtoto. Je, picha tunazosambaza zinamheshimu? Ungependa mwanao apigwe picha hiyo?
3. Katika mtaa wetu hapa, ni mtoto gani anayehitaji mtu wa kubaki? Ukiona anateswa, piga 116. Simu hiyo ni ya bure.

Tuombe: Baba, tusamehe kwa kuwafanya watoto wako mahali pa kutembelea. Tufundishe kubaki, na pale tusipoweza kubaki, kuwashika mkono wanaobaki. Katika jina la Yesu, amina.